Kompyuta Mbili, Nyumba Moja, Lakini Hazishei Faili: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu

Kila baada ya siku chache swali lilelile linarudi mezani kwangu hapa Mwanga, Kigoma: "Fundi, kompyuta zote mbili zina intaneti, mbona moja haioni folda ya nyingine?" Anayeuliza huwa ameshahangaika vya kutosha. Amezima ulinzi wa Windows, ameondoa nenosiri, amepakua programu ambazo hazijui vizuri, na mwisho amerudi kwenye fleshi.

Wengi wanakwama kwa sababu wanaanza na folda, wakati hitilafu imekaa chini zaidi: kwenye waya, kwenye anwani, au kwenye namna Windows inavyouchukulia mtandao wa nyumbani. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio. Kila hatua ina dalili ya kufaulu. Usipoiona dalili hiyo, baki hapo hapo mpaka uione.

Jambo moja kwanza, maana linawatia watu hofu: kushea faili ndani ya nyumba hakuli kifurushi. Faili linatoka kompyuta moja, linapita kwenye ruta, linaingia kompyuta nyingine. Halitoki nje ya nyumba yako. Hata kifurushi kikiisha leo, kushea kunaendelea.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta mbili zenye Windows 10 au 11. Yenye folda nitaiita Mezani, na inayotaka kuifikia nitaiita Mpakato.
- Ruta, pamoja na jina na nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio yake. Mara nyingi vimeandikwa kwenye stika iliyo chini ya ruta.
- Waya wa mtandao, hata kama unatumia Wi-Fi. Utakusaidia kupima.
- Nenosiri la mtu mwenye haki za msimamizi kwenye Mezani. PIN ya tarakimu nne haitoshi kuingilia kutoka kompyuta nyingine, na sababu yake utaiona kwenye hatua ya 6.
- Karatasi na kalamu. Utaandika anwani, na kichwa cha mtu hakitunzi tarakimu kumi na mbili.

Kama bado uko kwenye Windows 10, hatua ni zilezile, ila majina ya kurasa za mipangilio yanatofautiana kidogo. Ujue pia kwamba Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo usilegeze ulinzi wa kompyuta hiyo kwa sababu yoyote.

## Hatua ya 1: Hakikisha zote ziko kwenye ruta moja

Kuwa na intaneti hakuna maana kwamba kompyuta ziko kwenye mtandao mmoja. Mpakato inaweza kuwa imeshika hotspoti ya simu ya baba huku Mezani iko kwenye ruta ya sebuleni. Zote zinafungua tovuti, lakini baina yao hakuna njia.

Angalia jina la Wi-Fi kwenye kila kompyuta. Likiwa na neno "Guest", hamia Wi-Fi ya kawaida ya nyumba. Mtandao wa wageni umetengenezwa makusudi ili vifaa visionane.

Nyumba zenye ruta mbili ndizo zinazosumbua zaidi. Ya kwanza imetoka kwa kampuni ya intaneti, ya pili imenunuliwa ili Wi-Fi ifike chumba cha uani. Waya ukichomekwa kwenye tundu la "WAN" la ile ya pili, ruta hiyo inajenga mtandao wake nyuma ya ule wa kwanza. Rekebisha hivi: ingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili, ipe anwani isiyotumiwa na kifaa kingine kwenye mtandao wa kwanza, zima "DHCP", kisha hamishia waya kwenye tundu mojawapo la "LAN". Kuanzia hapo ruta ya kwanza peke yake ndiyo itakayogawa anwani.

Kama unatumia waya, tazama taa ya tundu lake. Hapa kwetu msimu wa mvua radi huua matundu ya ruta moja moja: ruta inawaka, Wi-Fi inafanya kazi, lakini tundu namba mbili limekufa kimya. Jaribu tundu jingine kabla ya kulaumu Windows. Na mawingu yakianza kunguruma juu ya ziwa, chomoa ruta kwenye umeme pamoja na waya unaotoka nje.

Dalili ya kufaulu: jina la Wi-Fi ni moja kwenye kompyuta zote, au taa za matundu yote mawili zinawaka.

## Hatua ya 2: Soma anwani za kompyuta zote mbili

Kwenye kila kompyuta bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

`ipconfig`

Tafuta mstari wa "IPv4 Address" na wa "Default Gateway". Ya kwanza ni anwani ya kompyuta, ya pili ni ya ruta. Ziandike kwenye karatasi.

Tuseme Mezani ni 192.168.1.20, Mpakato ni 192.168.1.35 na ruta ni 192.168.1.1. Mafungu matatu ya mwanzo yanafanana, kwa hiyo ziko uwanja mmoja. Ukikuta moja ni 192.168.1.20 na nyingine 192.168.0.35, rudi hatua ya 1, una mitandao miwili.

Anwani ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani ikakosa wa kuipa, ikajipachikia yenyewe. Zima na kuwasha ruta, subiri dakika mbili, usome tena. Ikiwa unatumia VPN, izime wakati wa kupima.

Dalili ya kufaulu: mafungu matatu ya mwanzo ni sawasawa, na ruta inayosomeka kwenye "Default Gateway" ni ileile.

## Hatua ya 3: Ziitane

Kwenye dirisha jeusi la Mpakato iite ruta kwanza, ukiweka anwani zako badala ya hizi za mfano:

`ping 192.168.1.1`

Kisha iite Mezani:

`ping 192.168.1.20`

Mistari inayoanza na "Reply from" ikifuatiwa na anwani uliyoiita ndiyo majibu. "Request timed out" maana yake hakuna aliyejibu.

Ruta ikijibu lakini Mezani isijibu, kuna watuhumiwa wawili. Wa kwanza ni ulinzi wa Windows, ambao tutaushughulikia hatua inayofuata. Wa pili ni ruta yenyewe: nyingi zina sehemu inayoitwa "AP Isolation" au "Client Isolation", na ikiwashwa, vifaa vya Wi-Fi vinapata intaneti bila kugusana. Namna ya kuwatenganisha watuhumiwa hawa ni kuunganisha kompyuta zote mbili kwa waya. Zikiitikiana kwenye waya na kunyamaza kwenye Wi-Fi, ingia kwenye ruta uzime sehemu hiyo. Vile viruta vidogo vya mfukoni vya laini ya simu usivisahau, navyo vina kawaida hii.

Dalili ya kufaulu: Mezani inajibu. Isipojibu bado, nenda hatua ya 4 halafu urudi hapa.

## Hatua ya 4: Iambie Windows kwamba hapa ni nyumbani

Hapa ndipo ninapokuta matatizo mengi zaidi, kwa hiyo tulia.

Windows inagawa mitandao mafungu mawili. "Public" ni mtandao wa watu usiowajua, na hapo kompyuta inajificha na kukataa wageni. "Private" ni mtandao wa nyumbani. Unapounganisha Wi-Fi mpya, Windows 11 inauweka kwenye "Public" yenyewe bila kukuuliza.

Mwalimu mmoja wa Gungu aliniita baada ya wiki nzima ya kuhangaika. Mitihani ya wanafunzi wake ilikuwa kwenye kompyuta ya sebuleni, na yeye alitaka kusahihishia chumbani kwa laptopu. Alikuwa na daftari, ameandika kila alichojaribu kwa mwandiko wa ubaoni: kabadilisha jina la folda, kabadilisha jina la kompyuta, kaondoa programu ya kupambana na virusi. Nikafungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye kompyuta ya sebuleni. Kiduara cha "Public network" kilikuwa kimejazwa. Nikabofya kile kingine. Alipofungua folda chumbani, alikaa kimya kidogo, kisha akachora mstari juu ya ukurasa mzima wa daftari.

Fanya hivi kwenye kompyuta zote mbili:

1. Fungua "Settings", halafu "Network & internet".
2. Chagua "Wi-Fi" au "Ethernet", kisha fungua sifa za mtandao wako.
3. Chagua "Private network".
4. Rudi nyuma, fungua "Advanced network settings", kisha "Advanced sharing settings".
5. Chini ya mitandao ya "Private", washa "Network discovery" na "File and printer sharing".

Kuna kompyuta ambazo ukiwasha "Network discovery" na kutoka, ukirudi unaikuta imezimika. Hapo kuna huduma za ndani zilizolala. Bonyeza Windows na R, andika `services.msc`, uzitafute hizi: "Function Discovery Resource Publication", "SSDP Discovery", "UPnP Device Host" na "DNS Client". Isiyofanya kazi iwashe. Ile ya kwanza iwekee "Automatic" ili iamke yenyewe kila unapowasha kompyuta.

Onyo: usizime Windows Firewall, yaani ukuta wa ulinzi wa Windows. Ukishaweka "Private" na kuwasha kushea, yenyewe inafungua mlango unaohitajika na kuacha mingine imefungwa. Kama una programu nyingine ya ulinzi yenye ukuta wake, ingia humo uiambie mtandao huu ni wa kuaminika. Na usiweke "Private" ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli, chuo au mgahawa.

Dalili ya kufaulu: Mezani sasa inajibu unapoiita kwa `ping`.

## Hatua ya 5: Ishee folda, ukikumbuka kwamba ina milango miwili

Kwenye Mezani tengeneza folda mpya nje ya eneo la mtu binafsi, kwa mfano `C:\Familia` au `D:\Familia`. Usishee diski C yote. Jina liwe fupi, lisilo na nafasi katikati.

Kabla ya kuishea, tumtengenezee mtumiaji wake. Fungua dirisha jeusi kwa haki za msimamizi, yaani andika `cmd` kwenye sehemu ya kutafuta, bofya kwa kitufe cha kulia na uchague "Run as administrator". Andika:

`net user familia * /add`

Itakuomba nenosiri mara mbili. Herufi hazitaonekana unapoandika, usishtuke. Akaunti hii si ya msimamizi, hivyo aliyenayo hawezi kuharibu kompyuta.

Sasa bofya folda kwa kitufe cha kulia, "Properties", kisha ukurasa wa "Sharing", "Advanced Sharing". Weka tiki kwenye "Share this folder", fungua "Permissions", muondoe "Everyone", muongeze "familia" na kumpa "Change" na "Read".

Watu wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo "Access is denied" inapozaliwa. Ruhusa uliyotoa ni ya geti la uani tu. Mlango wa chumba uko kwenye ukurasa wa "Security". Mgeni akiruhusiwa getini na kukataliwa mlangoni, hataingia, kwa sababu Windows inafuata ruhusa iliyo kali zaidi kati ya hizo mbili. Fungua "Security", bonyeza "Edit", muongeze "familia" na umpe "Modify".

Kuna jambo dogo linalochanganya hata mafundi. Faili ukilihamisha kwa kukata na kubandika ndani ya diski ileile, mara nyingi linakuja na ruhusa zake za zamani. Ukilinakili, linachukua ruhusa za folda mpya. Ndiyo maana unaweza kukuta picha kumi zinafunguka na ya kumi na moja inakataa. Dawa yake: "Security", kisha "Advanced", weka tiki kwenye mstari wa chini unaoanza na "Replace all child object permission entries". Fanya hivyo kwenye folda uliyoishea tu. Ukigusa mstari huo kwenye diski C, unaweza kuivuruga Windows yote.

Dalili ya kufaulu: "familia" anaonekana kwenye orodha zote mbili, ya "Sharing" na ya "Security".

## Hatua ya 6: Ingia kwa nenosiri, na liwe nenosiri kweli

Kwenye Mpakato fungua folda yoyote, na kwenye mstari wa anwani wa juu andika:

`\\192.168.1.20\Familia`

Usitegemee ile picha ya "Network" upande wa kushoto. Inaweza kuwa tupu kabisa huku kushea kunafanya kazi vizuri.

Ukiulizwa jina, andika `MEZANI\familia`, ambapo MEZANI ni jina halisi la kompyuta hiyo. Utalipata kwa kuandika `hostname` kwenye dirisha lake jeusi. Weka nenosiri, na utie tiki kwenye kukumbuka.

Mambo matatu yanakwamisha hapa.

PIN haipiti mtandaoni. Inafungua kompyuta ile tu ulipoiweka. Aliyezoea kuingia kwa PIN kwa miaka huwa ameshalisahau nenosiri lake halisi, na hiyo ndiyo sababu nimekutengenezea akaunti ya pembeni.

Akaunti isiyo na nenosiri nayo haipiti. Kwa kawaida Windows inairuhusu pale kwenye kioo chake tu, kwa mtandao inaikataa.

La tatu ni kumbukumbu ya zamani. Kama uliwahi kuingiza nenosiri lisilo sahihi na kutia tiki ya kukumbuka, Mpakato itaendelea kulituma kimyakimya. Fungua "Credential Manager", "Windows Credentials", ufute kila mstari wenye jina au anwani ya Mezani. Kisha andika `net use * /delete`, ukubali, na ujaribu upya.

Utasikia ushauri wa kuzima "Password protected sharing" ili kila mtu aingie bila kuulizwa. Usiufuate. Nyumba zetu Wi-Fi inagawiwa mpaka kwa jirani na watoto wake, na simu ya kila mmoja wao ingefika kwenye folda yako. Isitoshe, Windows 11 Pro ya toleo la 24H2 inakataa wageni wasio na nenosiri, kwa hiyo ungelegeza ulinzi na bado usifanikiwe.

Dalili ya kufaulu: folda inafunguka, na faili dogo la maandishi unalolitengeneza kutoka Mpakato linaonekana Mezani.

## Ukipata ujumbe wa kosa

0x80070035: njia ya mtandao haikupatikana. Folda na nenosiri bado havijafikiwa kabisa, rudi hatua ya 1 mpaka ya 4.

Kosa 5 au "Access is denied": umefika, mlango mmoja umefungwa. Hatua ya 5.

1326: jina au nenosiri si sahihi. Hatua ya 6.

1219: Mpakato tayari imeingia Mezani kwa jina jingine. Tumia `net use * /delete`.

Ujumbe unaotaja SMB1, yaani njia ya zamani ya Windows ya kushea faili: huu hutokea na vifaa vya zamani, kama ruta yenye tundu la USB uliyochomeka diski. Windows 10 iliacha kuiweka SMB1 tangu toleo la 1709 la mwaka 2017, na Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kilipita kwenye udhaifu wa SMB1 kikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150. Usiiwashe tena. Chomeka diski hiyo kwenye Mezani, uishee kutoka hapo.

Nenosiri ni sahihi lakini linakataliwa baada ya sasisho: kama kompyuta zote mbili ziliwekewa Windows kwa kunakili diski moja, zinaweza kuwa na kitambulisho cha ndani kimoja. Masasisho ya Windows 11 ya toleo la 24H2 na 25H2 kuanzia mwisho wa Agosti 2025 yanazikataa kompyuta za namna hiyo zinapotaka kuingiliana. Andika `whoami /user` kwenye zote mbili. Namba ndefu inayoanza na S-1-5-21 ikifanana kote, ukiacha fungu la mwisho, hifadhi faili zako na uweke Windows upya kwenye moja.

## Inafanya kazi, ila polepole

Waya wa 100 Mbps unapitisha takribani MB 11 kwa sekunde, hivyo video ya harusi ya GB 5 itachukua kama dakika saba hadi nane. Ikichukua nusu saa, jaribu waya mwingine au isogeze Mpakato karibu na ruta. Hata hivyo umeshaishinda fleshi: ile ya mfumo wa FAT32 haipokei kabisa faili linalofika GB 4.

## Hatua ya 7: Zuia kushea kusivunjike umeme ukirudi

Kila kitu kinafanya kazi Jumatatu, umeme unakatika Jumanne, Jumatano folda haipo. Ruta ilipowaka upya iligawa anwani upya, na .20 yako ikapewa simu ya mtu.

Ingia kwenye ruta, tafuta "Address Reservation" au "DHCP Reservation", uifungie Mezani anwani yake. Utahitaji namba ya kifaa, ile ya "Physical Address" unapoandika `ipconfig /all`. Kama Mezani inatumia Wi-Fi, hakikisha "Random hardware addresses" imezimwa, la sivyo namba hiyo itabadilika na ruta haitaitambua.

Mezani nayo isilale. Kompyuta iliyolala haijibu mtu. Kwenye mipangilio ya umeme weka "Never" kwenye kulala inapokuwa imechomekwa. Kioo kinaweza kuzimika bila shida.

Mwisho, kwenye Mpakato bofya "This PC" kwa kitufe cha kulia, chagua "Map network drive", herufi Z, na anwani uliyotumia hatua ya 6. Tia tiki kwenye "Reconnect at sign-in".

Sasa pima. Zima kompyuta zote mbili kwa utaratibu, chomoa ruta, hesabu mpaka thelathini, ichomeke. Subiri dakika tatu, washa Mezani kwanza, kisha Mpakato. Fungua Z. Ikifunguka bila kukuuliza chochote, kazi imekwisha.